Uzi maalumu kwa wapangaji wa Marekani: usizuie kodi kabla hujajua sheria ya jimbo lako

Mleta uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Nafanya ukalimani wa Kiswahili hapa Dallas na Fort Worth, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko kwenye mahakama za Justice of the Peace, hizi ndogo zinazosikiliza kesi za mwenye nyumba kutaka mpangaji aondoke. Kesi ya mtu sitaieleza hapa, siri ya kazi ni siri. Lakini lipo jambo nimeliona kwa watu wetu wa kila nchi, Mkongo, Mkenya, Mtanzania, Mrundi, na linaniuma sana. Mtu nyumba yake mbovu kweli, mwenye nyumba kampuuza kweli, na bado anatoka mahakamani kashindwa. Sababu ni kwamba alizuia kodi.

Ukilitazama kibinadamu, utamwelewa. Maji ya moto yamekatika Januari, una mtoto mchanga, umepiga simu ofisini wiki nzima wanakujibu "tutatuma fundi". Unaamua: silipi mpaka watengeneze. Kwa sheria ya Texas, hapo umemkabidhi mwenye nyumba kesi. Anakuandikia notisi ya kuondoka, ambayo kwa kawaida ni ya siku 3 mkataba usipotaja muda mwingine, kisha anafungua shauri. Mbele ya hakimu, swali linalotangulia yote ni kama kodi ya mwezi imelipwa. Ukijibu hapana, mengine yote hayasikiki tena. Kesi inaweza kuisha kwa dakika chache, na hata kama baadaye utalipa, rekodi ya shauri inabaki. Kampuni zinazochunguza wapangaji zinaweza kuionyesha hadi miaka 7, kwa hiyo kila apatimenti utakayoomba wataiona.

Kabla sijaeleza njia sahihi, tuelewe kwanza kwa nini mambo yako hivi, maana ndugu wengi wanadhani Marekani ina sheria moja ya nyumba. Haina. Serikali kuu imeweka machache tu: Fair Housing Act ya 1968 inayokataza kubagua mpangaji kwa rangi, dini, asili ya taifa na mengineyo, wajibu wa kukutaarifu kuhusu rangi ya kuta yenye madini ya risasi kwa nyumba zilizojengwa kabla ya 1978, na mengine machache ya aina hiyo. Dipoziti, matengenezo, faini ya kuchelewa, notisi, kufukuzwa, yote hayo ni sheria ya jimbo, na mara nyingine ya mji.

Zamani majimbo mengi yaliuona mkataba wa nyumba kama kukodi ardhi: ukishakabidhiwa, kodi unalipa hata paa likivuja. Mwaka 1970 mahakama ya rufaa ya Washington, D.C. ilitoa hukumu katika kesi ya Javins dhidi ya First National Realty, ikasema kodi na nyumba inayokalika ni vitu vinavyofungamana: mwenye nyumba asipotimiza lake, mpangaji hawezi kudaiwa kana kwamba limetimizwa. Miaka miwili baadaye ikatolewa sheria ya mfano ili majimbo yaige. Yaliyoiga yaliiga kila moja kwa namna yake, mengine nusu, mengine hayakuiga. Ndiyo maana binamu yako wa Minnesota anaweza kukupa ushauri ulio sahihi kabisa kwake na ukakutoa nyumbani wewe uliye Texas.

Sasa Texas. Sura ya 92 ya Property Code, yaani sheria ya mali ya jimbo, inamtaka mwenye nyumba atengeneze kitu kinachodhuru afya au usalama wa mtu wa kawaida, na maji ya moto yametajwa humo waziwazi. Lakini ili haki hiyo iwe yako, lazima uwe hudaiwi kodi siku unapotoa taarifa. Hilo ndilo watu wanalokosa! Lipa kodi kwanza, hata kama roho inakataa. Halafu andika barua, taja tatizo na tarehe, ipeleke mahali unapolipia kodi. Ukiituma kwa barua ya rejista yenye risiti ya kupokelewa, barua moja inatosha. Ukiituma kwa njia ya kawaida, baada ya muda wa kutosha kupita utalazimika kuandika ya pili. Sheria inachukulia kwamba siku 7 ni muda wa kutosha, isipokuwa hali ionyeshe vinginevyo. Kupiga simu kunakusaidia kupata fundi, ila mahakamani simu ni neno lako dhidi ya lao.

Siku zikipita bila kitu kufanyika, unaweza kuvunja mkataba, au kwenda kwenye hiyohiyo mahakama ya Justice of the Peace kuomba amri ya matengenezo, pamoja na fidia ya hasara, kodi ya mwezi mmoja na dola 500. Ipo pia njia ya kutengeneza mwenyewe na kukata kwenye kodi, lakini ina masharti yake mengi na kiwango chake kina ukomo, kwa hiyo usiiguse bila kuongea na watu wa msaada wa kisheria. Ukizuia au ukikata kodi kinyume cha utaratibu, mwenye nyumba anaweza kukudai wewe. Na kama unaogopa kwamba ukilalamika watakufukuza: kwa miezi 6 baada ya kulalamika kihalali, hawaruhusiwi kukulipizia kisasi kwa kukuondoa au kukupandishia kodi kwa sababu hiyo. Kinga hiyo nayo haimsaidii anayedaiwa.

Linganisha na kwingine. Ohio, ukishaandika barua na muda wa kutosha ukapita, usiozidi siku 30, unaweza kupeleka kodi yako kwa karani wa mahakama badala ya kumpa mwenye nyumba. Inakaa pale mpaka jambo liishe. Sharti ni uwe umelipa kodi zote za nyuma, na njia hiyo haipo kwa mwenye nyumba mdogo mwenye nyumba za kupangisha zisizozidi tatu aliyekutaarifu hivyo kwa maandishi. Minnesota nayo ina utaratibu wa kuweka kodi mahakamani: barua, siku 14, halafu unafungua shauri na kuikabidhi fedha mahakama. Tatizo ni lile lile la maji ya moto, lakini hatua ni tofauti kabisa.

Naomba mlioko majimbo mengine mchangie. Mimi si mwanasheria, nasoma vifungu na kuviona vikifanya kazi. Mwenye notisi mkononi asisubiri majibu ya humu. Apige 211, namba ya simu ya huduma za jamii, aulize msaada wa kisheria ulio karibu naye.

Nyasi_Kavu (Boston)

Mkuu asante kwa uzi, ila hapo kwenye kichwa cha habari nakupinga kidogo. Mimi huku Massachusetts nilizuia kodi, mwenye nyumba akanipeleka mahakamani, na nilibaki ndani ya nyumba. Usiwatishe watu.

Mleta uzi

Mkuu, nakuamini, na ndiyo maana nimeandika "kabla hujajua sheria ya jimbo lako". Massachusetts sheria inamruhusu mpangaji kujitetea kwa ubovu wa nyumba, lakini tazama masharti: mwenye nyumba awe alijua ubovu kabla hujaanza kudaiwa, na ubovu usiwe umeusababisha wewe au wageni wako. Nina hakika ulikuwa na karatasi ya mkaguzi wa afya wa mji.

Nyasi_Kavu

Ndiyo, mkaguzi alikuja, akaandika ripoti, nakala ikaenda kwa mwenye nyumba. Na fedha yenyewe nilikuwa nimeiweka benki, sikuigusa.

Mleta uzi

Hapo ndipo uliposhindia kesi yako. Ripoti ilitangulia, kodi ikazuiwa baadaye, na fedha ipo. Wapo wanaosikia "Boston mtu alizuia akashinda" bila kusikia habari ya mkaguzi, na fedha wanaituma nyumbani kwa mazishi au ada za shule. Wengine wasome hapo wewe ulivyofanya, hatua kwa hatua.

Mtaa_wa_Pili (Houston)

Kaka, mimi mkataba nilisaini kwenye simu. Kurasa nyingi sana, Kiingereza cha kisheria, nikawa nabonyeza tu palipoandikwa saini. Sasa hata nakala sina. Je, hawatakiwi kunitafsiria?

Mleta uzi

Nakala ni haki yako, Texas wanatakiwa kukupa ndani ya siku 3 za kazi baada ya mkataba kusainiwa na pande zote. Waandikie barua pepe uiombe, usiombe kwa mdomo.

Kuhusu tafsiri, jibu linasikitisha. California ina sheria kwamba mazungumzo ya mkataba wa nyumba yakifanyika hasa kwa Kihispania, Kichina, Kitagalogi, Kivietinamu au Kikorea, mpangaji apewe tafsiri kabla ya kusaini. Kiswahili hakimo. Texas haina hata hiyo. Kusema "sikuelewa nilichosaini" hakutakuondolea wajibu. Tafuta mtu wa kanisani, msikitini au kwenye jumuiya anayekisoma Kiingereza vizuri, mkae naye saa mbili, na muanzie kwenye mambo haya ambayo ndiyo huwaumiza watu.

Wageni. Mama au shangazi akija kutoka nyumbani miezi mitatu kukusaidia uzazi, mikataba mingi inamhesabu kuwa mkaaji asiyeandikishwa baada ya siku chache tu. Omba ruhusa kwa maandishi kabla hajapanda ndege.

Kuondoka. Watu wanafikiri mkataba wa mwaka ukiisha unabeba mizigo yako basi. Mikataba mingi Texas inadai notisi ya siku 60 kwa maandishi hata kama tarehe ya mwisho inajulikana. Usipoitoa, mkataba unaendelea mwezi kwa mwezi na unaendelea kudaiwa.

Faini ya kuchelewa. Texas hawaruhusiwi kuitoza mpaka siku 2 kamili zipite baada ya siku ya kulipa. Sheria inaihesabu kuwa ya haki isipozidi asilimia 10 ya kodi kwa majengo yenye nyumba zaidi ya nne, au 12 kwa madogo; ikizidi hapo wao ndio wanapaswa kuonyesha inalingana na gharama zao. Minnesota ukomo ni asilimia 8. New York ni dola 50 au asilimia 5, ile iliyo ndogo, na si kabla ya siku 5.

Jambo la kutia moyo: kuna vitu ambavyo hata ukivisaini havina nguvu. Wajibu wa mwenye nyumba wa kutafuta mpangaji mwingine ukiondoka mapema, kwa mfano, Texas hauwezi kufutwa na mkataba.

Mama_wa_Lexington

Asante baba kwa mafundisho haya. Sisi tuko Lexington, Kentucky, tumetoka kambi ya Nyarugusu. Tuko na watoto sita. Meneja wa apatimenti moja alimwambia mume wangu nyumba ya vyumba vitatu hawezi kutupa kwa sababu watoto watapiga kelele na watu wengine wataondoka. Tunyamaze tu?

Mleta uzi

Mama, pole, na msinyamaze. Hapo kuna mambo mawili, myatenganishe.

La kwanza ni idadi. Mwenye nyumba anaruhusiwa kuweka ukomo wa watu ulio wa busara. Kipimo ambacho wizara ya nyumba ya Marekani, HUD, hukitumia tangu waraka wake wa 1998 ni kwamba watu wawili kwa chumba cha kulala kwa kawaida ni sawa, lakini ukubwa wa vyumba na umri wa watoto huangaliwa; kitoto cha miezi hakihesabiwi sawa na kijana. Ninyi ni wanane kwa vyumba vitatu, kwa hiyo wangeweza kutoa hoja hiyo.

La pili ni alichosema. Tangu 1988 ile Fair Housing Act niliyoitaja juu inalinda pia familia zenye watoto. Kukunyima nyumba kwa sababu watoto wako watapiga kelele ni jambo jingine kabisa na idadi, na lina malalamiko yake. Mume wako aandike leo, kwa Kiswahili tu kama ndivyo anavyoandika vizuri: tarehe, saa, jina la aliyesema, maneno yenyewe, nani mwingine alisikia. Malalamiko HUD hupokelewa ndani ya mwaka mmoja tangu tukio, na ni bure. Mji wenu pia una tume ya haki za binadamu, nendeni.

Na kwa kuwa uko Kentucky, jua hili, maana hata Wamarekani wengi hawalijui: sheria kamili ya wapangaji huko haiko jimbo zima. Bunge la Kentucky liliacha kila mji au kaunti iamue kuipokea au la. Lexington na Louisville zimeipokea. Ukihamia kaunti jirani kwa sababu kodi ni nafuu, unaweza kuziacha nyuma kinga zote hizo. Lexington, mwenye nyumba asipotengeneza siku 14 baada ya barua yako, unaweza kutengeneza kitu kidogo na kukata kwenye kodi, hadi dola 100 au nusu ya kodi ya mwezi, kiasi kilicho kikubwa. Risiti zitunze.

Mama_wa_Lexington

Mungu akubariki. Jioni tutaandika.

Kijana_Columbus

Bro tulipanga watatu, sisi ni wanafunzi. Mmoja kaondoka bila kuaga, karudi Nairobi. Ofisi wanataka sisi wawili tulipe fungu lake. Hiyo ni haki kweli?

Mleta uzi

Tazama mkataba, utakuta sentensi inayosema wapangaji wanawajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake. Maana yake kila mmoja wenu anadaiwa kodi yote, si theluthi yake. Ofisi inaweza kukudai wewe peke yako kila kitu. Mliyekubaliana naye kugawana ni huyo aliyeondoka, yeye ndiye mnayeweza kumdai. Ombeni ofisini kumwingiza mtu mwingine kwa maandishi. Msiingize mtu kimyakimya, hapo mtakuwa mmevunja mkataba ninyi.

Kama mkataba wenu ni wa aina ile ya wanafunzi ambayo kila kitanda kina mkataba wake, hadithi inabadilika, basi hakikisha kwanza.

Dada_Sauda

Kaka, mie nipo Irving, hapo karibu nawe. Nimepata kazi Seattle, mkataba umebaki miezi mitano. Kuna kitu wameandika "reletting" asilimia 85. Nikilipa hiyo nimemalizana nao?

Mleta uzi

Hapana dada, na swali lako ni zuri kwa sababu wengi wanalipa hiyo wakidhani wamenunua uhuru. Kwenye fomu inayotumika sana na apatimenti za Texas, hiyo asilimia 85 ya kodi ya mwezi ni gharama yao ya kutafuta mpangaji mwingine. Kodi ya miezi iliyobaki unaendelea kudaiwa mpaka apatikane wa kuingia. Kinachokusaidia ni kwamba hawaruhusiwi kukaa tu wakikuhesabia. Sheria inawataka wajitahidi kupangisha. Waulize kama wana kipengele cha kujitoa kwa kulipa kiasi maalumu, mara nyingi kipo kama kiambatisho. Ukimpata mwenyewe mtu wa kuingia, mpeleke ofisini na uandike barua pepe kwamba umempeleka tarehe fulani.

Wanaokimbia ukatili wa nyumbani na wanajeshi wanaohamishwa wana njia yao ya kutoka kisheria, bila adhabu hii. Kama kuna anayesoma hapa aliye katika hali ya kwanza, apige simu ya taifa ya ukatili wa nyumbani, 1-800-799-7233, watamwelekeza karatasi gani zinahitajika.

Dada_Sauda

Nimekuelewa. Na dipoziti yangu je? Nikiondoka mapema inapotea?

Mleta uzi

Haipotei hivi hivi. Wanaweza kukata unachodaiwa kihalali na uharibifu, lakini si uchakavu wa kawaida: rangi iliyofifia, zulia lililochakaa kwa kutembelewa. Texas wana siku 30 tangu unapokabidhi nyumba, warudishe au wakupe orodha ya walichokata. Minnesota ni wiki 3 na riba ya asilimia 1, California siku 21, New York siku 14.

Kwa Texas kuna sharti ambalo ndilo huwapa mwanya: hawalazimiki kukurudishia mpaka uwape anwani yako mpya kwa maandishi. Siku ya kukabidhi funguo, tuma barua pepe yenye anwani ya Seattle, piga picha kila chumba, ndani ya friji, ndani ya jiko, chini ya sinki, na uhakikishe picha zina tarehe. Siku 30 zikipita kimya, waandikie ukitaja kwamba anayezuia kwa nia mbaya anaweza kuamriwa kulipa dola 100 na mara tatu ya kiasi alichokizuia isivyo halali, pamoja na gharama za wakili. Wakikaa kimya tena, unafungua dai kwenye mahakama ya Justice of the Peace ya hapo Irving. Bado hujaondoka, kwa hiyo barua ya notisi ianze leo. Nitumie rasimu humu ndani bila jina lako wala anwani, tuipitie.